Ukuta wa Bweni la Wasichana

5 Februari 1986

Shikamoo Mjomba Radoslav,

Figo zinaendeleaje huko kwenye maji ya moto ya Hisarya? Sisi wazima, mama anakusalimu. Mjenzi wa madaraja, mkuu wa chuo mzima, umelazwa kama kichanga! Rudi upesi, kiti chako kisije kikazoea makalio ya naibu wako.

Kazi uliyonipa imekwisha. Vipande vya plasta nimevibandika kukatiza kila ufa wa bweni la wasichana, kama ulivyoagiza. Wasichana walijaa kutazama. Si plasta, ni mimi. Shule ilinishinda, lakini kwa mwiko nitafutie mpinzani.

Mpwa wako,
Zhivko

1 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Nimepata nafuu. Naibu wangu anataka tulifunge bweni, wizara haitaki. Vile vipande bado vizima? Kwa barua yako ya kwanza nimetia saini wasichana wabaki mpaka kiangazi.

Mjomba

10 Machi

Shikamoo Mjomba,

Afya yaje? Mama kakupikia mchuzi wa pilipili, nikaula.

Vizima kabisa! Vikatike mimi nikiwa wapi? Kila Jumatatu navikuta vimepasuka katikati, plasta yenu ya chuo ni unga mtupu. Nabandua, naweka vipya. Ukija hutaona hata mstari. Wewe jenga madaraja, kuta niachie mimi.

Zhivko

TELEGRAMU, 14 Machi

ZHIVKO WATOE WASICHANA WOTE SASA HIVI. MJOMBA

2 Aprili, mahabusu

Mpwa wangu,

Hujambo? Mwili wangu mzima. Barua hii anakuletea wakili, ichome pamoja na zangu za nyuma; zako nimeshazichoma.

Simu niliyopiga na telegramu zilifika ukuta ukiwa umeshawaangukia wasichana. Vipande vile viliwekwa ili vivunjike, tujue ukuta unatembea. Sikukwambia, nilidhani kila mtu anajua. Nimemweleza mpelelezi kwamba sikumtuma mtu, nilitia saini kwa kichwa changu mwenyewe. Wewe nyamaza. Mama yako ana mtoto mmoja tu.

Mjomba

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Unalala? Mama hali chakula. Nami naipitisha hii kwa wakili.

Barua mama amezichoma zote, ila sikunyamaza. Nilimwendea mpelelezi, nikamwambia, "Vipande nilikuwa nabadilisha mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Profesa, mhandisi, asomewe ukuta na wewe? Umefundishwa na nani kumtetea mjomba?"

"Naapa kwa mama yangu."

"Kijana, mtaa mzima unajua unavyotia chumvi. Saini ni ya mjomba wako. Toka."

Nikakataa kuinuka. Askari wakanibeba na kiti changu, wakanimwaga barazani.

Wewe watakufunga, mimi nitabaki kupiga plasta. Siwezi, Mjomba. Kesho nakwenda kwa baba yake Kalina, yule binti waliyemfukua mwisho kifusini, akiwa maiti. Yeye ataniamini.

Zhivko