Bakuli Nililolipasua

Chumba cha uani,
Kwa binti yetu,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka kitandani. U mzima? Na shemeji, goti lake limetulia? Mimi sijambo, isipokuwa mguu niliouvunja bafuni. Daktari ameufunga plasta kwa wiki nane. Zimekwisha tatu.

Kitanda changu kimetazama dirisha, na nje ya dirisha, hatua nne tu, ndipo mkwe wetu alipoweka mashine yake ya kukereza mabakuli. Nikilifunga ni joto. Nikilifungua, vumbi la mbao linakunywa chai pamoja nami. Kila amalizapo bakuli ananiletea. "Baba, hili vipi?" Kukimbia siwezi.

Kosa ni langu. Nilipohamia kwao mwaka jana, alinionyesha bakuli lake la kwanza, zito kama jiwe la kusagia. Nami, mkerezaji mzee, kwa kuwa nala na kulala kwake, nikasema, "Zuri, mwanangu." Neno hilo limezaa mabakuli arobaini. Jirani mshonaji alipewa moja. Analitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Ningecheka, lakini Jumamosi ya wiki iliyopita binti yetu alikuja kuketi kitandani kwangu.

"Baba, ameandika barua ya kuacha kazi. Anasema wewe umemthibitishia kuwa ni fundi. Anaipeleka Jumatatu."

Mkwe ni dereva wa gari la maji mwaka wa kumi na moja sasa, na watoto watatu wanasoma.

"Zungumza naye wewe," akasema. "Nikisema mimi, ataona naionea wivu mashine."

Unajua bakuli linavyopimwa. Mng'aro hutazamwa mwisho, maana msasa na mafuta humpendezesha yeyote. Kwanza ni umbo: ukuta uteremke kutoka mdomoni hadi kitakoni kwa unene uleule. Pale unapopinda kuingia chini ndipo mkono huogopa kutoboa, na woga huo hubaki ndani ya mti, unene usio na kazi. Jicho halioni. Huonekana ukilipasua katikati kwa msumeno.

Kupasua la mkwe sikuthubutu. Nikaamua tupasue langu, lile la mti mweusi nililokereza nikiwa na miaka thelathini, aone ukuta ulio sawa, kisha ajilinganishe mwenyewe. Kesho yake nikamwita.

"Baba, hili si la kumbukumbu?"

"Kata tu."

Likaachana vipande viwili. Mdogo wangu, pale panapopinda palikuwa na unene wa vidole viwili. Woga uleule. Miaka arobaini na miwili nimekuwa nikisingizia uzito wa mti.

Mkwe alipitisha kidole gumba kwenye mkato, juu na chini, mara nyingi. Kisha akaenda kuleta bakuli lake alipendalo kuliko yote, akalipasua bila kuambiwa, akavipanga vipande vyote vinne juu ya shuka langu.

"Kumbe nimekurithi, baba," akasema, wala hakucheka.

Barua imerudi kwenye droo. Mashine haikurudi popote. Sasa kila jioni ananiletea bakuli pamoja na msumeno, nami nimebakiwa na wiki tano.

Ila kuna jambo linaninyima raha kuliko plasta. Siku ya harusi yako nilikupa pacha wa bakuli lile. Ulilipokea kwa mikono miwili, ukalipima uzito kidogo, ndipo ukasema, "Zuri, kaka." Ulikuwa unajua?

Msalimie shemeji, na wanao wote, hasa yule kitinda mimba mwenye maswali mengi. Mola awape afya na riziki isiyo na jasho la bure.

Nawe usinijibu kwa adabu. Lipasue, ubaki na nusu, unitumie nusu.

Ni mimi nikupendaye,
Kaka yako