Matairi ya Gari la Saumu na Sare Yetu ya Njano

Ijumaa, Tanga. Baada ya Alasiri.

Tangu alfajiri ilikuwa rasharasha, mvua ya kulowesha vumbi na kuniharibia nguo kambani. Sasa jua limetoka, uwani kunanukia vitunguu vya kukaanga, kina mama wanacheka huko nje, na mimi nimejifungia chumbani na simu. Nimewaambia kichwa kinauma.

Kichwa hakiumi hata kidogo. Kuna mtu natakiwa kumpigia, na kabla sijampigia nataka niandike nilichokiona leo, maana mwili bado unanisisimka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nina watoto wawili. Mkubwa ni Saumu, anaendesha kreni bandarini hapa Tanga. Ndiyo, mwanamke. Anapanda kule juu, ananyanyua makontena kama mimi ninavyoepua sufuria. Mshahara wake akauweka na kuuweka mpaka akanunua gari la michezo, la Kijapani, lililotumika, milango miwili, liko chini kabisa, rangi ya njano ya embe lililoiva. Mdogo ni Hamza, mpole, fundi cherehani, na kesho anaoa Muheza.

Gari lile sijui nilielezeje. Likiwashwa, vikombe vyangu kabatini vinaitikia. Mara ya kwanza nilipopanda nilijihisi nimekaa ardhini, na Saumu alipokanyaga mafuta kule Raskazone mgongo ukanata kwenye kiti, nikatoa shahada. Alipopunguza mwendo nikamwambia arudie.

Basi harusi ilipopangwa, nikatangaza kwenye kikundi chetu cha kina mama kwamba bwana harusi ataingia Muheza ndani ya gari lile, dada yake kwenye usukani, na sisi nyuma kwenye Coaster. Halafu nikafanya jambo ambalo sidhani kama kuna mama mwingine amelifanya. Nilikwenda na picha ya gari dukani kwa vitambaa, nikailinganisha jora kwa jora, muuzaji akachoka, mpaka nikaipata njano ileile. Hiyo ndiyo sare yetu. Kikundi kizima kimeshona. Picha nikawatumia na wakwe, wakajibu kwamba watatoka hadi njia panda kutupokea.

Kwa hiyo gari lisipokwenda, sisi ni kundi la wanawake wa njano tusio na maelezo.

Jana jioni nikalitazama, nikaona kila kitu kinang'aa isipokuwa matairi. Nikachukua mafuta ya nazi, niliyoyakamua mwenyewe, nikayapaka yote manne kama ninavyompaka mtoto miguu siku ya Idi. Yakawaka weusi. Nikapiga picha, nikaituma.

Asubuhi Saumu akatoka, akasimama. Akagusa tairi, akanusa kidole.

"Mama, hili gari umeliunga nazi?"

Akaenda kuchukua ndoo na sabuni ya unga. Huku anasugua akanieleza kwamba mafuta yanateleza na yanakula mpira, na mimi nilikuwa natafuta pa kupita nikajifiche jikoni, mara akaacha kusugua. Alikuwa anatazama kati ya kashata. Mafundi wanaziita kashata zile nundu za tairi zinazokanyaga barabara, na mimi ninayeuza kashata za nazi huwa nacheka kila nikisikia. Zilikuwa nene bado. Kwa macho yangu lile lilikuwa tairi zima. Lakini sabuni ilipoondoa mafuta na vumbi la siku zote, chini kwenye mifereji yake kulikuwa na nyufa nyembamba, kama za kisigino changu.

Akahamia tairi la pili. La tatu. Yote.

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, mimi nilidhani ni urembo. Mbili za mwanzo ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Saumu alizijua tangu aliponunua gari, lakini kwa kuwa kashata zilikuwa ndefu akajipa moyo kwamba yatamfikisha mwakani. Haya yalitoka kiwandani Hamza hajaanza sekondari. Nikamwuliza kwani tairi nalo linachacha. Akasema linachacha.

Tukaliacha gari, tukapanda bajaji mpaka Ngamiani kwa Athumani, muuza matairi. Athumani namjua tangu anavaa kaptula. Alinipa shikamoo, akauliza kama na mimi nimekuja kubadilishwa, kwa sababu kwa mizunguko ya harusi wiki hii lazima kashata zimekwisha. Nikamwambia anifunge ya lori, kesho nina kazi.

Duka lake limejaa. Matairi ya Noah, ya malori, ya bajaji, yamepangwa hadi darini. Nilijua tutachagua dakika mbili tuondoke. Sikujua gari la mwanangu lina matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele, wala kwamba maandishi ya ubavuni ni mengi kuliko cheti changu cha darasa la saba. Upana, kimo, rimu, uzito. Na mwisho kabisa herufi moja. Saumu akaniwekea kidole juu yake: hiyo ndiyo inayosema tairi litavumilia kasi gani kabla ya kupata moto na kupasuka. Herufi moja, jamani. Niliitazama kwa adabu kama natazama jina la mtu mkubwa.

Athumani akaleta kwanza mapya ya gari dogo la kifamilia, yanayokaribia saizi. Saumu akaisoma herufi, akayarudisha. Kisha Athumani akavuta kutoka nyuma manne ya mtumba, mbele nyembamba, nyuma mapana, saizi yenyewe haswa, kashata ndefu, meusi tii. Moyo wangu ukatulia. Nikasema alhamdulillahi, yafunge hayo baba, niwahi kupaka hina.

Saumu akachuchumaa.

Naomba mnielewe hapa. Huyu mtoto mimi nimemsifu kila mahali. Nimemsifu kwa kreni, kwa gari, kwa kitambulisho chake cha bandarini anachoning'iniza shingoni. Lakini kazini kwake simwoni, yuko juu mno, naona kijumba cha kioo tu. Leo nilimwona akifanya kazi mbele ya macho yangu. Alilizungusha lile tairi taratibu, akapitisha vidole ndani na nje, akabonyeza, akalikunja pembe kidogo, uso umetulia, kama hasikii kelele za Ngamiani nzima. Na mimi nikasahau hina.

Akaniambia niweke ukucha. Nikaweka. Mpira ule ulikuwa mkavu kama kifuu. Akanisogezea jipya la Noah, nikaweka ukucha, ukaacha alama, ikafutika yenyewe polepole.

"Limekauka, mama. Kwa macho zima, lakini barabarani halishiki."

Nikaanza ubishi. Tairi kubwa namna hii, zito namna hii, kukauka kidogo kuna ubaya gani? Saumu akanishika mkono, akakibandika kiganja changu juu ya kashata.

"Gari zima linashika barabara kwa pahala kama hapa. Kiganja kimoja kwa kila tairi. Basi."

Nikadhani ananitisha kama mtoto. Athumani akachana boksi, akatuita kwenye gari lililoegeshwa mlangoni, akasukuma kipande cha boksi chini ya tairi kutoka mbele mpaka kikakwama, akasukuma kingine kutoka nyuma mpaka kikakwama. Nikapiga magoti na dera langu pale kwenye saruji yenye grisi, nikachungulia. Katikati ya vile vipande viwili palibaki nafasi ndogo tu. Nikaipima kwa mkono. Kweli, kiganja.

Nilikaa pale chini muda, watu wakidhani nimedondosha pete.

Ile injini inayoitikisa nyumba. Breki zake, kasi yake, milango inayofungwa kwa sauti ya sanduku la thamani. Mwanangu wa kike ndani, mwanangu wa kiume ndani na kanzu yake mpya. Vyote vinakaa juu ya viganja vinne, kwenye barabara yenye maji, na wakati wote huu nilikuwa nimeitazama rangi.

Nikasema subhanallah kwa sauti. Athumani akasema yeye anauza matairi miaka yote hii na hakuna mteja aliyewahi kulitolea tairi tasbihi.

Saumu akapiga simu Dar. Mapya ya saizi yake yapo. Ya mbele yako dukani, ya nyuma yamo kwenye kontena na kontena litatolewa Jumatatu. Nikamwuliza yeye si ndiye mtoa makontena, akalitoe. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akaniambia la Dar haliko kwenye kreni yake. Nikapendekeza tuagize ya mbele tu, mawili mapya mawili ya zamani. Akasema nguvu ya gari lile inapita nyuma, ndiyo yanayosukuma, na nyuma ikiteleza gari linageukia kule lilikotoka.

Nikamwambia basi aende polepole.

"Nitakwenda polepole. Bodaboda akinikatia njia kwenye mvua, nitakanyaga breki. Breki zitashika tairi, mama. Tairi ndilo lishike barabara."

Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilikuwa nawaona wakwe njia panda na simu zao zimeinuliwa. Nilimwona mwenyekiti wetu, Bi Rehema, ambaye alitaka sare ya zambarau tangu mwanzo, na mimi nikamshinda kwa picha ya gari.

Saumu alisubiri. Athumani akajifanya anapanga matairi yaliyokwisha kupangwa. Mwishowe mwanangu akasema maneno haya, kwa upole kabisa, bila kunitazama:

"Ukiniambia niyafunge haya, nitayafunga, na kesho nitaliendesha, kwa sababu umeshawaahidi watu. Ila Hamza apande gari jingine. Nitakwenda peke yangu."

Nimezaa watoto wawili. Wote wawili niliwabeba, wote wawili niliwakesha. Sasa huyu ananiambia yupo radhi kukaa juu ya mpira mkavu ili mama yake asichekwe, mradi mdogo wake hayumo. Nilimtazama pale, mikono myeusi hadi viwiko, nikaona haya na nikaona fahari kwa pamoja, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Nikamwambia Athumani ayarudishe ya mtumba ndani. Nikamwambia Saumu aagize ya Dar, yote manne, Jumatatu ni Jumatatu.

Alinikumbatia na grisi zake. Dera limeharibika. Sijali.

Njiani kwenye bajaji akampigia Hamza kumweleza. Nilitega sikio. Hamza alicheka kwa furaha kiasi ambacho sikukitegemea, akasema afadhali, yeye tangu wiki iliyopita alikuwa anaomba dua gari lile lipate pancha, kwa sababu kila akilipanda tumbo linamvuruga na alikuwa na hofu ya kufika ukweni ametapikia kanzu. Hakuthubutu kuniambia. Alisema nilikuwa nimefurahi mno.

Atakwenda na Noah la kukodi. Jeupe.

Nimeacha kuandika hapo kidogo, nimepiga ile simu.

Bi Rehema alipokea haraka. Nilimweleza yote, nyufa, tarakimu, ukucha, kiganja, kontena. Nilieleza sana, nadhani nilieleza zaidi ya alivyohitaji. Nikajua anaitafuta zambarau yake. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na wakituuliza njano hii ni ya nini?"

Nikamwambia, waambie ni rangi ya gari la Saumu. Wakiuliza gari liko wapi, waambie liko nyumbani, kwa sababu mwenye gari anazo akili, na mama yake anamsikiliza.

Halafu akasema, "Shoga yangu, hata gari likibaki, sifa umezipata." Akacheka, nami nikacheka, na huko uwani wakashangaa mgonjwa wa kichwa anacheka na nani.

Wakwe nao nimewaandikia ujumbe. Mama wa binti amejibu kwamba watatupokea njia panda vilevile, na kwamba baba yake bibi harusi ameomba aelezwe hiyo habari ya kiganja, maana ana pikapu la machungwa ambalo matairi yake hajui hata yalitoka mwaka gani.

Nitamweleza. Nitamwekea boksi chini ya tairi mwenyewe, na dera la njano.

Kwenye dirisha namwona Saumu. Amelifunika gari kwa turubai, sasa anaosha mikono aje kusaidia kumenya viazi. Anajiona amenitia hasara. Nimewasifu wanangu maisha yangu yote kwa sauti kubwa, mtaa mzima unajua, yeye mwenyewe hunikimbia nikianza. Hivi nikitoka sasa hivi, nikamwita mbele ya wanawake wote hawa, nikawaambia alichosema pale dukani, ataniona namtia haya?

Acha anione. Natoka.