Vumbi la Galaksi Namba Tisa

Jumanne, 22 Januari 2008

Kimutai amefika kutoka Njoro na kompyuta yake na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya mamake. Kipindi hiki cha vurugu za uchaguzi! Nilimwambia asubiri mambo yatulie. Akasema ripoti yetu haitasubiri, chuo kinaitaka tarehe 31. Nimefurahi amekuja. Nimekasirika pia.

Galaksi kumi na mbili. Katikati ya kila moja kuna kitu kikali tusichokiona, kimezungukwa na vumbi. Vumbi linameza mwanga, linapata joto, linautoa tena kama infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Hiyo ndiyo tunayopima. Swali: nani analipasha joto, shimo jeusi au nyota changa?

Nimebandika vipande vya karatasi juu ya majina ya galaksi zote, kama kawaida. Namba tu. Ukijua jina unaanza kuona ulichotarajia. Kimutai hunicheka, eti mimi askari wa mitihani. Tangazo letu bado liko mlangoni, watoto wa ploti wasitusumbue.

Alhamisi, 24 Januari

Namba tisa imekataa! Ina joto kuliko modeli yangu inavyoruhusu. Kimutai anadhani vumbi liko mabonge-mabonge, si ukuta mzima. Nikamwambia huko ni kujitetea, si fizikia. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Raha tupu.

Jioni Mzee Nderitu, jirani, akanisimamisha kwenye tangi la maji. Vijana wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaishi wapi. Hapa mtaani Section 58 sasa Mkalenjin kama Kimutai akijulikana amekwisha. Nikasema mgeni wangu ni binamu kutoka kwetu Nyeri. Mzee aliangalia ndoo yake.

Ijumaa, 25 Januari

Moshi upande wa mjini. Mayowe. Kimutai hawezi kutoka, barabarani vijana wanadai kitambulisho. Simu ya polisi haishikwi. Kisha kredo ikaisha, na maduka yamefungwa.

Mamake amempigia mara tatu. Anamjibu kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, na mama anauliza mbona hasemi lugha ya nyumbani. Nilienda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Naogopa. Hao nje ni watu wa kabila langu.

"Tumalize namba tisa," akasema. Tukajaribu mabonge yake. Imekubali! Akanyoosha mkono abandue karatasi aone jina. Nikamzuia. Bado tatu.

Jumamosi, 26 Januari, mchana

Wamefika. Kimutai yuko chini ya kitanda, nyuma ya gunia la viazi. Niko mezani, naandika.

Wako kwa Mzee Nderitu. Namsikia akiwaambia: hapo ni kwa mwalimu tu, anaishi peke yake. Mungu ambariki!

Viatu vinasogea. Wamesimama kwangu. Hawabishi hodi.

"Mzee, na hii karatasi kwa mlango?"

Tangazo! Mwandiko wangu, herufi kubwa, tangu Novemba: MSIBISHE — WAMAITHA NA KIMUTAI WANAPIGA HESABU. Nimefunika majina kumi na mawili ya galaksi. Hilo nimelipita kila siku.

Sauti naijua. Nilimfundisha kidato cha pili, hakuwa mwepesi wa kusoma. Anasoma kwa sauti, neno moja moja.

"Msibishe," amesema. "Wamaitha," amesema.