Jike la Osogo Lilitazama Kwanza

Mjukuu wangu Akinyi,

Salamu zikufikie huko shuleni Asumbi. Hapa Sori tupo, ila gugumaji limeziba ziwa, na baba yako hajashusha mtumbwi wiki ya pili sasa.

Umeniuliza kama ndege anajua uzuri, maana mwalimu wenu amesema anayeujua ni binadamu tu. Huyo mwalimu ana haraka.

Nilipoolewa hapa, nikiwa mke wa pili, nilikandika nyumba yangu, kisha nikauchora ukuta kwa vidole, udongo mwekundu na mweupe, siku tatu nzima. Karibu na mlango palikuwa na mti uliojaa osogo, wale ndege wa manjano wanaosuka viota. Dume lilimaliza kusuka, jike likaja. Likaingia, likavutavuta nyasi, likageuza shingo huku na huku, likakataa. Dume likabomoa, likaanza upya.

Siku ya nne mama mkwe alikuja na ndoo ya kinyesi cha ng'ombe. "Mke mdogo hapambi nyumba kabla ya mkubwa," akasema, akausiriba ukuta wote huku akipiga soga na jirani aliyekuwa njiani. Kosa lilikuwa langu, mila niliijua. Babu yako aliporudi aliulizia chakula.

Sijachora tena.

Mwambie mwalimu kwamba sijui kama osogo ni msanii. Lakini lile jike lilitazama kwanza, ndipo likakataa.

Ni mimi, nyanya yako.