Baba Msuka Viti, Tumewapata Ndugu Zako

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uache kugombana na mlango wa chumba chako. Ulikuwa ukiugonga kwa bega, unasimama, unauuliza, "We mlango, leo nani kakusogeza?" Sisi tunacheka. Tulidhani ni uzee tu.

Mtu akikuletea kiti kilichochakaa hukumcheka. Ulikaa chini, kamba mdomoni, ukakigeuza miguu juu kama mtoto anayebadilishwa nepi. Ukimaliza kusuka unafunga lile fundo lako chini ya kiti, limejikunja kama konokono, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nikikuuliza nani alikufundisha, jibu lilikuwa lile lile: "Mimi niliota kama uyoga. Mvua ilinyesha, nikatokea." Tukakuzika bila kujua zaidi ya hapo.

Hata machozi hayajakauka, mwanangu mkubwa, yule mjukuu wako dereva, akagonga bega mlango ule ule. Akauuliza maneno yako yale yale. Wenzake wakacheka. Mimi safari hii sikucheka.

Nikamburuta kwa daktari wa macho. Presha ya macho, akasema, inakula jicho kimyakimya kuanzia pembeni. Nikamweleza habari zako na mlango. "Unarithiwa kwenye damu ya ukoo, mama. Kwa babu yake nani mwingine ana shida ya macho? Tukiwajua mapema, macho yao yanaokoleka."

Ningemjibu nini, Baba? Uyoga?

Nikaapa kuwatafuta. Hukuacha picha, hukuacha jina la ukoo, hata Mama hukumwambia. Ulichoacha ni fundo. Basi nikabeba kigoda chako cha kamba kwapani, nikawa napindua viti vya watu: kwa vinyozi, migahawani, kwenye vyumba vya kusubiri. Mkweo akaniambia, "Mke wangu, watu watasema umechanganyikiwa." Nikamwambia waseme, wakimaliza nitakuwa nimefika mbali. Mwenye mgahawa mmoja alinijia juu: "Mama, unatafuta kunguni kwenye viti vyangu?"

"Natafuta ndugu zangu," nikamjibu. Akacheka mpaka akashika meza, halafu akanisaidia kupindua vilivyobaki.

Konokono wako nilimkuta kwa kinyozi, mji mwingine kabisa. Kinyozi akanielekeza kwa bibi aliyemsukia. Nikamkuta sebuleni, vidole vinasuka, uso umeelekea ukutani. Haoni. Nikampa kigoda. Mkono wake ukapita chini ya kigoda, ukasimama kwenye fundo.

"Mwenye mkono huu yuko wapi?"

"Ametangulia, bibi. Alikuwa baba yangu."

Akakikumbatia kile kigoda. "Fundo hili baba yetu alifundisha watu wawili tu, mimi na kaka yangu. Basi usiniite bibi. Mimi shangazi yako."

Ndipo akanieleza. Babu alipofuka, na nduguze wakapofuka, mtaa ukasema nyumba yenu ina laana. Hakuna aliyetaka kuoa wala kuolewa humo. Ukaondoka ungali kijana, ukamwapia dada yako kwamba wanao hawatalisikia neno hilo. Ulitukinga, Baba, najua. Lakini ulitukinga na midomo ya watu, ugonjwa ukapitia mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nalisema hapa mbele ya wote, na unisamehe. Wazazi, semeni mlikotoka na maradhi ya kwenu, mngali na pumzi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nanyi watoto, msikubali kujibiwa uyoga. Mzee wenu akianza kugonga milango, msicheke kama tulivyocheka sisi. Mpelekeni akapimwe, nanyi mpimwe naye.

Mjukuu wako sasa anatia dawa ya matone, asubuhi na jioni, mimi nimesimama pale pale namwangalia. Lori ameliacha. Daktari anasema uoni uliobaki tutaulinda. Na kwa shangazi tumewapima wote. Kitinda mimba wao amekutwa na ugonjwa mapema, bado anaona vizuri.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mimi binti yako, mkweo na wajukuu zako. Na kwa mara ya kwanza, dada yako pamoja na watoto na wajukuu zake. Kigoda nimemwachia yeye. Ameniagiza niandike kwamba kwenu ulikuwa ukiitwa Kiroboto, kwa vile hukujua kutulia.

Basi tulia sasa, Kiroboto wetu. Tumekuwa wengi, na hakuna hata mmoja wetu atakayekusahau.