Mkasi Ndani ya Jora

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole na lile goti. Natumaini dawa ya kuchua inasaidia, na kwamba huchui kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika ufagio, maana nakujua. Sisi huku wazima. Wajukuu wako wanakula kama mchwa.

Mama, mwezi uliopita mkasi wangu mkubwa wa kukatia, ule nisiomwazima mtu, ulipotea pale karakanani. Tulipekua meza, vikapu, hata chini ya vyerehani. Wapi! Nikamtazama yule dada mpya wa kutia vifungo. Tangu aje sikumpenda. Haangalii mtu usoni, na tukicheka yeye huinama tu. Moyo ukamkataa, nikakumbuka ulivyotulea: moyo ukikataa jambo, lina ubaya, ukitulia, ni haki. Nikamwambia tajiri kuwa ni yeye. Akaniuliza kama nilimwona. Nikajibu kwamba moyo wangu haujawahi kunidanganya. Yule dada aliapa, akamwaga mkoba wake mezani: kitana na ndizi moja. Akafukuzwa hivyo hivyo. Nami nikarudi nyumbani mwepesi, nikala, nikalala fofofo.

Jumatatu hii nilishusha jora la kitambaa cha sare, ambalo halikuwa limefunguliwa tangu mkasi upotee. Kulikunjua tu, mkasi ukadondoka miguuni pangu. Na majora, Mama, nayakunja mimi kila jioni. Hakuna mwingine anayeyagusa.

Sasa nisikilize, usinigombeze kwanza. Niliurudisha mlemle, nikalikunja jora, nikalipandisha rafu ya juu kabisa. Leo siku ya nne. Moyo unaniambia ninyamaze, niwafikirie watoto, yule dada atapata kazi kwingine. Unasema kwa upole, kama wewe ukinibembeleza. Nilipomdhulumu mtu, moyo ulitulia tuli. Leo nikitaka kusema kweli unanidunda kama mwizi. Sisemi ulitufundisha uongo, maana ni moyo huohuo unaonichoma nikikumbuka kile kitana. Ila moyo ulikuwa wa kuhojiwa, nami nikaufanya hakimu. Naona aibu, Mama.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa tajiri na mkasi mkononi, kisha nyumbani kwa yule dada. Huenda nikafukuzwa mimi. Moyo unakataa katakata.

Msalimie baba mdogo, na yule jirani yako mchokozi. Ukiniombea, usiombe moyo wangu utulie. Niombee miguu.

Ni mimi bintiyo,
kifungua mimba wako.