Siku Tulizojificha Lamu

Alhamisi, 8 Mei

Sweta za shule za mwisho zimetoka kwa mashine leo. Kijani, kola ya manjano. Shule zimeshafunguliwa, wateja wameisha, duka ni baridi kama friji. Mvua tangu asubuhi. Nimefunga mapema.

Tiketi ya basi niko nayo. Naondoka kesho. Watu nimewaambia naenda Molo kumsaidia dada yangu kuvuna viazi. Mama mkwe pia nimemwambia hivyo. Nimemdanganya bila kupepesa macho, tena akaniombea safari njema.

Ukweli ni huu. Wafula anakuja likizo kutoka Qatar, na safari hii haji Nakuru kwanza. Tunakutana Lamu. Mara ya mwisho alipokuja, nyumba ilijaa siku hiyo hiyo. Shemeji, mabinamu, watu wa kanisa, majirani wa zamani wa mama yake wa kule nyumba za reli. Kila mtu na shida yake. Niliwachemshia watu chai mwezi mzima na sikupata hata mchana mmoja wa kukaa na mume wangu peke yetu. Kisha akarudi kazini. Imepita miaka mitatu.

Wazo la Lamu ni lake. Alisema Mei wageni hawako, nyumba zinakodishwa kwa bei ya chini. "Tujifiche kidogo, Wambo." Hakuna mtu mwingine ananiita Wambo. Wengine wote wananiita Mama Neema, hata Neema mwenyewe akiwa na utani. Ule ujumbe wa sauti nimeusikiliza mpaka najua mahali anapovuta pumzi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefika. Mgongo umekufa. Basi mpaka mwisho wa barabara, halafu mashua. Bahari imechafuka, nahodha akatufunika na turubai, nimelowa hata hivyo. Nilishika mkono wa mama nisiyemjua. Hakuuondoa.

Mji uko kimya. Hoteli za mbele zimefungwa milango, viti vimepandishwa juu ya meza. Vichochoro ni vyembamba, nikikutana na punda lazima nijibanze ukutani. Nyumba yetu ina mlango uliochongwa maua kutoka juu mpaka chini. Niliushika kwa muda. Hata mimi ni mtu wa kazi ya mikono, najua kazi ikiwa ya uvumilivu.

Mwangalizi wa nyumba ni Bi Zuhura, mama wa makamo, mcheshi. Kiswahili chake kinateleza. Changu kinajikwaa. Nilimwambia "hiyo chumba ni mzuri sana", akacheka, nami nikacheka. Akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema anafika kesho kwa ndege.

Nimetandika kitanda mara mbili.

Jumapili, 11 Mei

Haji leo. Msimamizi wake hajatia sahihi ruhusa. Ameandika maneno matatu tu: "Kesho labda. Pole."

Nimekula peke yangu. Samaki wa nazi, mtamu. Sikutaka awe mtamu.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna ndege, hakuna Wafula. Mvua. Upepo unapiga madirisha.

Mama mkwe amepiga simu kuuliza viazi vya Molo vimekuwaje mwaka huu. Nikasema vikubwa. Nyuma yangu punda akalia. Akauliza hiyo ni nini. Nikasema ni ng'ombe wa dada ana shida. Baada ya kukata simu nilicheka mpaka nikalia, na kilio hakikuisha mapema.

Nimechoka kumtaka mtu. Naandika hivyo jinsi ilivyo. Nimechoka kulala na simu kwa mto. Neema yuko Kidato cha Tatu, anamjua baba yake kwa skrini. Mimi nina arobaini na mbili. Nitakuwa na mume lini?

Jumatano, 14 Mei

Amekuja.

Nilisimama gatini tangu boti ya kwanza kutoka uwanja wa ndege. Abiria walikuwa wachache. Nilimtazama mtu mmoja mwenye mvi kwa masikio na shingo nyembamba, nikapitisha macho, nikaendelea kutafuta. Yule mtu akasimama mbele yangu. Alikuwa yeye.

Akasema, "Habari, Mama Neema." Akanipa mkono. Mkono! Halafu kama amekumbuka, akanikumbatia, na begi lake likawa katikati yetu.

Nimefurahi. Lazima niandike kwamba nimefurahi. Amelala tangu saa nane mchana.

Alhamisi, 15 Mei

Anakula haraka, ameinamia sahani kama kuna mtu atamnyang'anya. Akimaliza anaosha sahani yake. Yake tu. Nikimpa chai anasema asante kama ananishukuru ofisini. Taulo amekunja pembe kwa pembe. Nikiingia chumbani anasimama kunipisha. Nami pia nampisha. Tunapishana siku nzima kama watu kwa korido ya hospitali.

Tumetembea mjini. Ametangulia mbele, mimi nyuma. Kwa duka la tende akaanza kuongea Kiarabu cha huko kazini na mwenye duka, wakacheka sana. Nilisimama hapo na mwavuli. Nilimwonea wivu muuza tende. Mtu mzima mimi.

Usiku alihamia kwa kiti. Ati kitanda ni laini sana, kule amezoea kigodoro cha kitanda cha juu, watu sita chumba kimoja. Simlaumu. Lakini nilikuwa nimetandika mara mbili.

Nilidhani nitaacha kumkosa akifika. Namkosa zaidi. Yule wa kwenye simu amepotea na huyu amekuja badala yake.

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbaya, halafu si mbaya. Niandike yote kabla sijasahau.

Asubuhi Bi Zuhura alileta mahamri. Akatuangalia tulivyokaa, mmoja huku mwingine kule. Akaniuliza jikoni, "Mmeoana karibuni?" Nikamwambia tuna binti wa miaka kumi na sita. Akashika kifua. "Mashallah. Mnaoneana haya kama maharusi." Hakusema kwa ubaya. Nilimeza hayo maneno na chai.

Mchana nikalipuka. Wafula alikuwa anakunja shati. Nikamuuliza amekuja kufanya nini. Akasema, "Si tulipanga?" Nikamwambia niliyepanga naye si wewe. Nilisema hivyo. Uso wake ukazima. Akaweka shati chini, akachukua koti, akatoka. Mvua ilikuwa inaanza.

Nikakaa. Nilifikiria boti ya mchana. Nilifikiria amebeba pasipoti au ameiacha. Ilikuwa kwa begi. Niliangalia, ndiyo.

Halafu simu ikalia. Yeye.

"Wambo."

Nilikaa chini sakafuni.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Hapa mbele, karibu na ile hoteli imefungwa. Nimejikinga kwa kibaraza."

"Rudi, utalowa."

"Ngoja kwanza. Nikirudi sitaweza kusema." Nilisikia upepo ndani ya simu, na upepo huo huo kwa dirisha langu. "Wambo, mimi naogopa. Kule najua mimi ni nani. Ni dereva wa lori namba fulani, naamka, naendesha, nakupigia, nalala. Hapa nakuona ukinipisha njia, najiona mgeni. Sijui niweke mikono wapi."

Nikamwambia hata mimi sijui niweke mikono wapi.

Akacheka. Kile kicheko, kile cha kwenye simu! Sikuwa nimekisikia tangu ashuke kwa boti.

Tukaongea. Akaniuliza kuhusu duka, nikamwambia mashine inaruka uzi. Nikamwambia habari ya ng'ombe wa dada, akacheka mpaka akakohoa. Tuliongea vile tunaongea siku zote, yeye mbali na mimi mbali, na kati yetu kulikuwa na vichochoro vichache tu.

Halafu akasema kampuni inataka asaini mkataba tena. Akirudi tu, anasaini. Ndiyo sababu msimamizi alichelewesha ruhusa, alitaka asaini kabla ya kupanda ndege.

"Ulisaini?"

"Bado."

"Usisaini."

"Nitafanya nini Nakuru? Nitaanza kuvizia vibarua kwa umri huu? Na mama? Na karo ya Neema?"

"Sijui, Wafula. Lakini usisaini. Mimi nikikuzoea kwa simu tu, siku utarudi kabisa hatutakuwa na la kuambiana. Umeona vile tuko."

Nikasikia tu mvua. Nikasema, "Sasa rudi. Na usikate simu."

Hakukata. Alitembea nayo. Nilimsikia akimsalimia mtu, nikasikia punda, nikasikia akipotea na kuuliza njia. Niliposikia viatu vyake kwa simu na kwa ngazi pamoja nilifungua mlango. Alikuwa amelowa chapachapa, simu kwa sikio. Tukabaki tumeangaliana, simu zote kwa masikio, wajinga wawili. Nilimkausha kichwa na ile taulo aliyoikunja.

Jumamosi, 17 Mei

Tumelala sakafuni. Yeye hawezi kitanda, mimi siwezi kulala peke yangu, tukatandika mkeka na mashuka yote. Bi Zuhura amekuta kitanda kitupu asubuhi, akatuletea godoro jembamba kutoka kwake.

Bado anakula haraka. Bado mimi napima maneno. Lakini mjini leo alinisubiri kila kona. Hatujaongea tena habari ya mkataba. Nimeogopa kuuliza.

Tumempigia mama yake, sote wawili, kumwambia ukweli. Akasema, "Mngeniambia tu. Ningewafungia mlango mimi mwenyewe." Nimeona aibu.

Jumanne, 20 Mei

Nyumbani. Baridi, na nyumba imejaa kama nilivyojua. Lakini kufikia saa kumi mama mkwe alisimama, akajifunga leso, akawaambia wote, "Haya, twendeni, wameshoka na safari." Hivyo ndivyo anatamka. Na wakaenda!

Alhamisi, 29 Mei

Kampuni iliandika Jumatatu. Wafula alinipa simu nisome alichojibu. Hapana, asante. Sentensi mbili. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikamrudishia. Niliogopa na nikafurahi, vyote kwa wakati mmoja. Yeye pia, naona. Amekuwa akikosa usingizi, anazunguka uani akihesabu matofali.

Leo ameenda Rongai, mwendo mfupi kutoka hapa. Kuna mtu ana lori la mahindi, anatafuta dereva. Mshahara ni mdogo. Alivaa shati jeupe, akarudi mlangoni mara mbili kuniuliza kama limekunjika nyuma.

Sasa ni alasiri. Wingu limeinuka upande wa Menengai, nimeanua nguo zake zikiwa na unyevu kidogo. Hajapiga simu, sijapiga pia. Nimemkosa tangu asubuhi. Ni Rongai tu. Anarudi leo.